Mgeni wa Ngazi ya Nane

Ukipita Kidahwe ukauliza habari za kile kibanda cha bati, watu watakuonyesha barabara ya Kasulu na kukutakia safari njema. Hawataki kuisimulia. Mimi siwalaumu, maana hata mimi nikianza kuieleza najikuta natazama juu. Lakini tukinyamaza wote, yule mwanamke ataonekana mjinga au muuaji, na hakuwa hata kimojawapo. Basi kaeni niwaambie.

Ilianza mchana kweupe, jua likiwa utosini, kwa kosa dogo sana. Sauti moja redioni ilisema inakuja, na ngazi iliyoitaja ilikuwa ya mtu anayeondoka.

Aliyeisikia ni Dainess, mwongozaji wa ndege, Mnyakyusa aliyeletwa huku kutoka Mbeya miaka ile ya wakimbizi, watu walipokuwa wakivuka ziwa kwa maelfu na kambi zikijaa mpaka zinatapika. Shirika moja la msaada lilichonga kiwanja cha udongo mwekundu juu ya Kidahwe ili ndege ndogo za dawa na za wagonjwa zisigombanie nafasi na ndege kubwa za mjini. Pembeni wakasimamisha kibanda cha bati, wakaweka redio, meza na kiti, wakamweka Dainess. Marubani walimpenda upesi. Alikuwa na sauti tulivu, nzito kidogo, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuunguza wali. Rubani akiisikia katikati ya moshi wa mashamba yanayochomwa alijua amefika nyumbani.

Na mumewe alikuwa mmoja wa watu wa huko juu. Japhet, Muha wa Kasulu, alikuwa muuguzi wa ndegeni. Walikuwa wameoana mwaka mmoja tu na kupanga vyumba viwili Mwanga, mjini Kigoma, nyuma ya soko. Kila siku Japhet alivuka ziwa na ndege ya Kapteni Gaudensi kwenda kuchukua majeruhi, na kila siku Dainess alimshusha mumewe kutoka angani kwa mdomo wake mwenyewe. Mpaka amwone anaruka chini na begi lake la dawa, chakula hakikumpita kooni. Wenzake walimcheka kwa hilo. Alikuwa hajali.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana asiyeelewa hapa hataelewa kilichompata.

Angani kuna sheria ya ngazi, yaani kimo ambacho kila ndege inarukia. Rubani anayeelekeza pua ya ndege upande wa mashariki, kuanzia kaskazini kuzunguka mpaka kusini, huchukua ngazi za witiri: futi elfu tano, elfu saba, elfu tisa. Anayeelekea upande wa magharibi huchukua za shufwa: sita, nane, kumi. Hivyo wanaopishana hawagongani, kila mmoja ana ghorofa yake. Ni sheria nzuri na imeokoa watu wengi. Lakini ziwa letu limelala kaskazini kwa kusini, na kiwanja kiko ufuko wa mashariki. Anayekuja kutoka Bujumbura, pua yake imeegemea mashariki kidogo. Anayekuja kutoka Kalemie, pua yake nayo imeegemea mashariki. Wote wawili ni witiri. Mmoja anafuata ziwa kuja kusini, mwingine analifuata kuja kaskazini, wanatazamana uso kwa uso, na sheria imewapa ghorofa moja. Hapo sheria imemaliza kazi yake, anabaki binadamu mwenye redio, aseme wewe saba, wewe tisa.

Kwa hiyo Dainess alizoea hivi: anayekuja kwetu huja kwa witiri, anayetoka kwetu kuvuka ng'ambo hutoka kwa shufwa. Ilikuwa imemwingia kama njia ya kwenda kisimani.

Mchana ule alikuwa anamenya chungwa. Redio ikakwaruza.

"Kidahwe," sauti ikasema, kwa Kiswahili. "Nakuja kwenu. Niko elfu nane."

Dainess akaweka chungwa chini. Marubani walisema naye Kiingereza cha kazi, isipokuwa Gaudensi. Na huyu hakutaja jina la ndege. Lakini miaka ile anga la ziwa lilikuwa na mengi. Kulikuwa na ndege zisizo na karatasi, zilizobeba vitu visivyosemwa, na marubani wake walijitokeza redioni pale tu walipopotea. Akafikiri ni mmoja wao.

"Unayekuja, jitambulishe."

"Mgeni wenu."

"Mgeni, unakuja kwetu kwa ngazi ya wanaoondoka. Utamgonga mtu. Shuka elfu saba."

Rubani akipewa ngazi huirudia kwa mdomo wake, ndipo mwongozaji ajue imefika. Huyu hakurudia. Dainess alimwita tena, na tena, hakujibiwa. Ndipo akagundua kilichokuwa kinamkera tangu mwanzo. Nyuma ya sauti ya rubani yeyote husikika injini inanguruma. Nyuma ya sauti hii hakukuwa na injini. Kulikuwa na kitu kama maji yanayodondoka mahali penye mwangwi.

Hakuna ndege iliyotokea mchana ule. Kipaza sauti kilikuwa kimelowa mkononi mwake, na kibandani kukabaki harufu ya yai viza. Akafungua dirisha, akamaliza chungwa lake.

Jioni alimsimulia Japhet kama kichekesho. Japhet hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Harufu ya yai viza?"

"Ndiyo. Kwani nini?"

"Wavuvi wanasema maji ya chini kabisa ya ziwa yana harufu hiyo. Kule ambako nyavu hazifiki." Akasogeza sahani. "Dainess, yule mtu ulimwambia nini?"

"Nilimrekebisha tu. Nikampa saba."

"Ulimpa," Japhet akasema polepole, akaenda kuoga.

Siku zilizofuata wote waliopita elfu saba walikuja na maneno. Mmoja alisema ndege ilitetemeka katika hewa iliyotulia. Mgonjwa mmoja, mtoto aliyekuwa hajafumbua macho tangu Kalemie, alifumbua macho ndege ilipofika elfu saba, akapiga kelele mpaka waliposhuka. Kisha Gaudensi mwenyewe akaja kibandani, mtu mzima wa Bukoba, mcheshi ambaye huwezi kumnyamazisha hata kwa chakula. Alisimama mlangoni akazungusha kofia yake mikononi.

"Shemeji, usinipe tena saba."

"Kuna nini?"

"Leo moshi ulipasuka kidogo, nikaona kivuli changu juu ya maji." Akatazama nyuma kama mtu anayesikilizwa. "Vilikuwa viwili. Kimoja changu. Kingine kiko ubavuni, kinakwenda na mimi sawasawa. Nikatazama pembeni, hakuna ndege. Japhet naye ameona. Muulize."

Dainess alimuuliza. Japhet alikubali kwa kichwa, akaomba wasizungumzie habari hiyo ndani ya nyumba.

Angeacha saba wakati ule, pengine. Lakini amwambie nani, na kwa sababu ipi? Siku ya tatu baada ya hapo ndege ya dawa ilitoka Bujumbura, na Gaudensi alikuwa anatoka Kalemie, wote witiri, wote tisa. Dainess akafanya kazi yake. Gaudensi alikuwa ameomba asipewe saba, na Japhet alikuwa humo ndani. Akamwacha tisa. Saba akampa yule wa Bujumbura, Mzungu mmoja mwenye kicheko kikubwa, aliyependa kumuuliza leo amepika nini.

"Nashuka elfu saba," Mzungu akarudia. Baada ya muda akaita tena, na kicheko hakikuwepo. "Kidahwe, uliyeniweka naye hapa ni nani?"

"Saba ni yako peke yako."

"Hapana," akasema, chinichini kabisa, kama mtu aliyemkuta mwizi sebuleni na hataki kumwamsha mkewe. "Kuna mtu."

Hakuita tena. Wavuvi waliokuwa majini siku ile waliapa hawakusikia kishindo wala kuona moto. Kesho yake katoni za chupa za maji ya dripu zilikutwa zinaelea, zimefungwa vilevile, na ukizisogelea zinanuka yai viza. Ndege yenyewe haikuonekana, wala Mzungu na mwenzake waliokuwemo.

Wakuu walikuja na magari, wakaandika kwamba chanzo ni moshi. Msimu wa kuchoma mashamba, mtu haoni mbele, basi. Dainess alisema ukweli wake mbele ya Anatoli, mkuu wa kiwanja. Anatoli alikuwa mtu mwema aliyekosa usingizi kwa sababu ya kipindupindu cha kambini.

"Bosi, elfu saba ina mtu. Mimi ndiye niliyemweka."

Anatoli alifuta miwani yake kwa muda mrefu. "Dada Dainess, umechoka. Sote tumechoka. Ukitaka likizo sema, lakini sina mwingine wa kukaa hapa, na nikifunga kiwanja watoto wa ng'ambo watakufa ufukweni. Unanielewa?"

Alimwelewa. Hilo ndilo lililomtesa, maana hakukuwa na mtu mbaya wa kumkasirikia. Alirudi kitini. Toka siku ile hakumpa mtu saba. Aliwaleta mmoja mmoja kwa tisa, akiwazungusha wengine mbali mpaka njia iwe wazi, na marubani walilalamikia mafuta lakini wakatii, kwa kuwa alikuwa yeye.

Na kila adhuhuri, redio ilikwaruza.

"Kidahwe. Nipe tisa."

Alikuwa hajibu. Siku nyingine iliomba kwa sauti ya Mzungu mwenye kicheko. Ilimuuliza leo amepika nini, halafu ikasema, "Nipe tisa." Dainess aliziba masikio kwa viganja akalia, na maji yakawa yanachuruzika kwenye kuta za bati, ndani, jua likiwa kali namna ile.

Jumapili, badala ya kanisani, alikwenda Ujiji kwa Bi Ziada, mganga wa majini. Alielekezwa na mama mmoja wa sokoni. Alimkuta bibi huyo uani akichuja mawese, mikono myekundu mpaka viwikoni, na hakuiacha kazi yake hata Dainess alipomaliza kusimulia.

"Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu. Sasa nieleze tena hapo pa ngazi. Alikuja kwa shufwa?"

"Ndiyo bibi. Na anayekuja huja kwa witiri."

"Kwa hiyo alikuja kinyume. Hakuwa na njia. Angepita tu kama upepo, angerudi kwake." Bi Ziada alimtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe ukamwonyesha njia ya halali. Jini hana mahali pake juu ya ardhi wala juu ya maji mpaka apewe na mwenye mamlaka ya kutoa. Huko angani mwenye mamlaka ni nani?"

Dainess alijinyooshea kidole kifuani. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Usinililie, mawese yataingia maji," bibi akasema, lakini kwa upole. "Uliyempa kwa mdomo utamwondoa kwa mdomo. Mpe ngazi ya kuondokea, ile ya shufwa, na umwamrishe aelekee alikotoka. Mngoje airudie. Si ndivyo mnavyofanya nyinyi? Asiporudia, bado yupo."

"Na akikataa?"

"Hatakataa. Atadai. Mgeni aliyekaa haondoki mikono mitupu. Mpe chumvi, mpe kuku mweupe, taja chochote cha uani nami nitakipeleka ziwani kesho yake. Nafsi usimpe. Umenisikia? Hata akikushika pabaya, nafsi usitaje, iwe yako iwe ya jirani."

Alimfukizia ubani, akamfunga kitu kidogo mkononi kwa uzi mweusi. Dainess alirudi Mwanga akiwa na nafuu kidogo, na usiku ule alilala amemshika Japhet shati. Alimsihi asipande ndege kesho yake. Japhet alisema kuna kina mama wawili wamepigwa risasi na watoto wao wako ufukweni, na kwamba Gaudensi hawezi kuendesha na kufunga vidonda kwa wakati mmoja.

"Nani ananishusha kila siku?" akamuuliza. "Si wewe? Basi nitashuka."

Kesho yake wingu la mvua za kwanza lilikuja kukaa juu ya ziwa. Juu ya elfu tisa kulikuwa kweusi, radi inatembea. Chini ya hapo moshi ulikuwa umefunika kila kitu mpaka milima, kiasi kwamba hata kutoka kibandani huoni mwisho wa kiwanja. Ndege ya kwanza kuita ilikuwa ya maturubai, imeruka kutoka mjini Kigoma, inavuka ng'ambo kwa elfu nane, sheria kabisa. Dainess aliisalimu, ikamuaga, ikahamia kwenye redio ya ng'ambo kama kawaida. Ya pili ilitoka Bujumbura na dawa, tisa, mafuta kidogo, haiwezi kuzunguka. Ya tatu ilikuwa ya Gaudensi.

"Shemeji, tunatoka Kalemie, elfu tisa. Japhet anasema mama mmoja hali yake si nzuri. Hatuwezi kungoja."

Dainess alisimama. Mmoja kaskazini, mmoja kusini, wanatazamana kwenye ngazi moja ndani ya moshi. Kumi ni radi. Nane ina maturubai. Sita ni milima. Imebaki saba.

Akazima na kuwasha kipaza sauti mara mbili, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Mgeni. Uliye elfu saba. Ondoka. Panda elfu kumi, elekea ulikotoka. Rudia."

Harufu ilijaa kibandani mpaka akakohoa. Maji yakaanza kudondoka kutoka paani juu ya meza, tone kwa tone, na redio ikakwaruza.

"Naondoka na nani?"

"Nakupa chumvi. Nakupa kuku mweupe."

Maji yakazidi kudondoka.

"Nakupa mbuzi. Nakupa ng'ombe, nitamnunua, naapa."

"Ndege haiondoki tupu," sauti ikasema kwa upole kabisa, kama anayemfundisha mtoto. "Nipakie mtu mmoja."

Gaudensi akaingia kati, sauti imepanda, "Kidahwe, namsikia wa Bujumbura yuko karibu, tunafanyaje?" Na nyuma ya Gaudensi, ndani ya ngurumo ya injini, Dainess alimsikia Japhet akimwambia mgonjwa kwa Kiha avumilie, ni mbele hapo tu. Sauti ile ndiyo iliyombembeleza yeye mwenyewe siku alizougua malaria, sauti ya mtu asiyejua kukasirika. Onyo la Bi Ziada alilikumbuka lote, neno kwa neno, asije mtu akasema alisahau. Alilikumbuka na akaliruka, kwa sababu mtu wake alikuwa juu kule, na hakukuwa na siku nyingine wala ngazi nyingine, na kati ya nafsi yake na ya Japhet hakuhitaji kupima.

"Nichukue mimi," akasema. "Mtu mmoja, Dainess. Panda kumi, ondoka. Rudia."

Na kwa mara ya kwanza ikarudia.

"Kidahwe, mtu mmoja, Dainess. Napanda elfu kumi, naondoka."

Ilirudia kwa sauti ya kike, tulivu, nzito kidogo. Dainess alichelewa kuitambua, maana nani anaijua sauti yake mwenyewe ikitoka nje? Maji yaliacha kudondoka. Harufu ikatoka kana kwamba mtu amefungua mlango, na nje ndege wa porini wakaanza kulia. Dainess alijipapasa kifua, mikono, uso. Alikuwa mzima. Alicheka kwa furaha, akakamata kipaza sauti kumwambia Gaudensi ashuke saba, saba iko wazi, saba haina mtu.

Mdomo ulifunguka, haukutoka hata mnong'ono.

Alijaribu tena, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akajikung'uta kifua kama mtu aliyekabwa na mfupa, akapuliza, akakohoa bila mlio. Kisha spika mbele yake ikasema, kwa Kiswahili kizuri cha Mbeya, bila haraka:

"Gaudensi, pole kwa kukuweka. Shuka elfu nane, kaa hapo."

Dainess aligonga kipaza sauti mezani, akagonga na kugonga, akijua kwamba huko juu watasikia mikwaruzo tu, na mikwaruzo wameizoea, na akijua kwamba nane ina ndege ya maturubai inayokuja upande wa pili, na rubani wake amekwisha kuhama redio na hasikii, na kwamba hakuna mtu katika ziwa lote angekwenda nane kwa kauli ya mwongozaji mwingine bila kuuliza mara mbili, kwa sababu nane ni ya wanaoondoka, lakini kwa sauti ile, ile iliyowashusha wote msimu mzima ndani ya moshi bila kumpoteza ila mmoja, wangekwenda popote.

"Elfu nane, shemeji. Umetuokoa," Gaudensi akasema, na pumzi yake ilisikika imetulia. "Subiri, mumeo ana neno."

"Dainess," Japhet akasema karibu kabisa na kipaza sauti, na injini ilikuwa inanguruma nyuma yake. "Mama amefumbua macho. Ahsante. Leo tule mapema."

"Karibuni nyumbani," sauti ikamjibu.

Dainess alitoka mbio mpaka katikati ya kiwanja, miguu peku kwenye udongo mwekundu, akapunga mikono yote miwili kwenye moshi ambao hakuna jicho lingeweza kuupenya, mdomo wazi, anaita jina la mumewe kwa nguvu zake zote bila kutoa hata mlio. Anatoli alimwona kutoka ofisini, akaanza kumkimbilia. Kutoka upande wa ziwa alisikia injini ya Gaudensi, aliijua kati ya injini mia, inashuka polepole. Upande wa mjini, chini kidogo ya wingu, alisikia nyingine, ya ile ndege ya maturubai.

Anatoli alipomfikia alimshika mabega akamuuliza kuna nini, kuna nini dada, na kutoka kwenye kibanda kitupu nyuma yao wote wawili walimsikia Dainess akimkaribisha wa Bujumbura, akimpa upepo na hali ya kiwanja, kwa utaratibu, kama siku zote.